Laptop inaganda ganda? Cheki SSD kabla hujapiga Windows

Wakuu, hapa Kigoma mashine ikianza kuganda tu mtu anakimbilia kupiga Windows upya. Juzi nimeletewa laptop ya mama mmoja wa dagaa kule Kibirizi, ishapigwa Windows mara mbili ndani ya wiki na bado inaganda, na hesabu za wadeni wake wote zilikuwa humo humo. Windows haikuwa na kosa, SSD, yaani diski inayotunza Windows na faili zako, ndo ilikuwa inakata roho.

SSD haina kitu kinachozunguka ndani kwa hiyo usisubiri igonge tik tik kama hadi diski za zamani, hii inaumwa kimya kimya. Utaona mashine inaganda nusu dakika halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea, mara skrini ya bluu, mara faili ulilosevu jana leo halifunguki, mara ukiwasha inakwambia haioni diski, ukizima ukawasha tena inaiona. Ikifika hatua faili unasoma ila kusevu inagoma ujue imejifunga yenyewe, hapo shukuru Mungu ukopi fasta, nyingine zinazimika moja kwa moja bila kuaga.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote hamisha vya muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Usianze na chkdsk (ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) wala kufomati, unaisumbua mgonjwa.

Kupima sasa, shusha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ni ya bure. Bluu iko fresh, njano kaa chonjo, nyekundu kanunue nyingine. Kama ni NVMe (SSD za aina mpya zenye kasi zaidi) angalia Percentage Used, ikifika 100 imemaliza umri iliokadiriwa kiwandani, inaweza kuendelea kudunda ila mi nisingeiamini na hesabu za mtu. Kwenye desktop ya SATA (aina ya zamani, diski inaungwa kwa waya) ukiona namba ya C7, yaani makosa ya data kupita kwenye waya, inapanda, badilisha waya kwanza, usije ukatupa diski nzima.

Usinunue kabla hujafungua kava ukaona ya kwako ikoje. Kuna ile bapa ya inchi 2.5 na kuna M.2 kama kijiti cha bigijii, na hizi M.2 nyingine ni SATA nyingine NVMe, zinafanana kama mapacha ila slot inachagua. Soma na urefu, nyingi ni 2280 yaani milimita 80, ila zipo fupi za 2242 na 2230. Ukikosea hapo unaanza tena kusubiri basi la Dar. Na ukiuziwa TB 2 kwa bei ya mteremko ipime na H2testw, programu ya kuona kama ukubwa ni wa kweli, kabla hujaijaza.

Kama ya zamani bado inasomeka, iklone (nakili diski nzima kwenda mpya) na programu ya Clonezilla, mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ikigoma katikati usilazimishe, piga Windows kwenye mpya urudishe faili. Kama ina BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, tafuta ule ufunguo wake (recovery key) kabla hujagusa skrubu.

Kufunga ni dakika kumi: zima, chomoa chaja, chomoa waya wa betri, toa skrubu ya M.2 itajiinua mshazari, ivute, chomeka mpya mshazari hivyo hivyo, ilaze, funga skrubu bila kukaza sana. Ingia BIOS (menyu ya mashine kabla Windows haijawaka) uone kama imeonekana.

Yule mama tulipata kopi ya miezi miwili nyuma kwenye flashi basi. Zilizobaki ikabidi azunguke mwalo mzima anawauliza wadeni wenyewe, eti we nakudai ngapi.