Mbuzi wanne kwenye nusu ekari: malisho kwanza, kisha banda, mbuzi mwisho

Kwenye shamba dogo hapa Uganda, adui mkubwa wa mbuzi ni kamba iliyofungwa chini ya mti uleule kila siku. Mbuzi anakula nyasi zilizojaa mavi yake mwenyewe, mvua ya Machi inaanza, na minyoo inafanya kazi yake kimyakimya. Ukinunua beberu wa Boer (mbuzi mkubwa wa nyama wa kigeni) kwa pesa nyingi ukamfunga hapohapo, atakufa kama yule wa kienyeji, pengine mapema zaidi. Ndiyo maana hapa mbuzi wananunuliwa mwisho.

Malisho, miezi minne kabla

Mbuzi jike wa kilo 30 anahitaji takriban kilo 5 za majani mabichi kwa siku, kwa hiyo wanne ni kilo 20. Robo ekari ya matete (nyasi za napier, ebisagazi kwa Waganda), ikitiliwa mbolea vizuri, hutoa sehemu kubwa ya hiyo. Iliyobaki itoke kwenye ua wa miti ya malisho na mabaki ya jikoni.

Panda matete mvua zinapoanza, mistari ikiachana mita 1 na mashina nusu mita. Vipandikizi uchukue kwenye mashina yenye afya tu. Ukiona shina limedumaa, majani madogo ya manjano, ling'oe lote, kwa kuwa ugonjwa wa kudumaa husambaa kwa vipandikizi. Kata mara ya kwanza baada ya miezi mitatu hadi minne, kisha kila wiki sita hadi nane. Yakipita urefu wa mtu yanakuwa miti; mbuzi atachambua majani na kukuachia rundo la mabua.

Kwenye mpaka wa shamba panda kaliandra, mche mmoja kila nusu mita. Hii ndiyo protini ya mkulima asiye na pesa ya mashudu. Inachukua miezi tisa hadi kumi na miwili kabla ya kukatwa mara ya kwanza, basi usichelewe kuipanda. Ilishe ikiwa mbichi, maana ikinyauka mbuzi humeng'enya kidogo zaidi, na isizidi theluthi moja ya chakula cha siku. Majani ya muhogo ni kinyume chake: yaache yanyauke siku nzima kwanza, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayoweza kumwangusha mbuzi kwa dakika chache.

Banda la juu

Kwa majike wanne na watoto wao, sakafu ya mita 2.5 kwa 3.5 inatosha (kila mkubwa apate mita mraba 1.5). Iinue mita 1 kutoka ardhini ili uweze kupita chini na reki. Nguzo za mkaratusi hufaa. Sehemu itakayozikwa ipake oili chafu dhidi ya mchwa, lakini usiipake juu ya ardhi, kwa maana mbuzi hutafuna kila kitu.

Sakafu ndiyo siri yenyewe. Tumia mbao za upana wa sentimita 4 hadi 5, na kati ya ubao na ubao acha nafasi ya sentimita 1.5. Usikadirie kwa jicho. Chonga kijiti cha unene huohuo, kiweke kati ya mbao mbili, pigilia, kisogeze. Nafasi ikiwa chini ya sentimita 1, mavi yanakwama na sakafu inaloa. Ikizidi 2, mguu wa mtoto unaingia na kuvunjika. Chini ya mbao weka boriti kila nusu mita, la sivyo sakafu itanesa na misumari itachomoza.

Upande unaotoka upepo na mvua, ziba hadi mita 1 tu. Juu yake acha wazi. Kosa la kawaida ni kuziba pande zote kwa turubai kwa huruma ya baridi. Harufu kali ya mkojo ikikuchoma macho unapoingia, mapafu ya mbuzi yanachomwa usiku kucha, na hapo homa ya mapafu haiko mbali.

Kihori kikae nje ya ukuta, sentimita 40 hivi juu ya sakafu, mbuzi atoe kichwa kupitia tundu. Mbuzi si ng'ombe: akikanyaga chakula, hakigusi tena, hata akiwa na njaa.

Kununua

Nunua shambani kwa mtu badala ya mnadani, ili uone mama wa mbuzi na mahali anapolala. Mbuzi wa Mubende, yule mweusi wa katikati ya nchi anayejulikana kwa ngozi nzuri, na Kigezi wa milimani kusini-magharibi ni msingi mzuri. Mfungue mdomo: meno mawili makubwa mbele ni umri wa mwaka mmoja na kitu, manne ni kama miaka miwili. Yakishatimia manane, unanunua uzee wa mwenzako.

Omba barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa muuzaji. Akisitasita kuitoa, rudi nyumbani. Mbuzi wageni wakae peke yao wiki tatu kabla ya kuchanganyika na wengine.

Beberu usimnunue kwa majike wanne. Mmoja anatosha majike 25. Mpeleke jike kwa jirani, ukihakikisha beberu huyo si baba yake. Boer kwa mtamba mdogo wa kienyeji ni hatari wakati wa kuzaa: mtoto anakuwa mkubwa kuliko njia.

Minyoo

Mnyoo mbaya zaidi hunyonya damu kwenye tumbo, na mara nyingi hakuna kuhara kabisa. Kwa hiyo usiangalie mavi, angalia jicho. Kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa mvua, vuta chini kope ya chini kwenye mwanga wa jua. Nyekundu ni salama. Waridi iliyofifia, mpe dawa. Nyeupe, umechelewa, mpe leo hii. Uvimbe laini chini ya taya una maana ileile.

Tibu anayehitaji tu. Kuwanywesha wote kila mwezi kunafuga minyoo sugu. Mbuzi huvunja dawa haraka kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo hakimtoshi. Kujua uzito bila mizani: pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua 70 na urefu 60 ni kilo 27.

Sasa penye makosa mengi. Albendazole huuzwa ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10, chupa zikifanana. Daktari wa mifugo akikuandikia miligramu 10 kwa kilo, mbuzi huyo wa kilo 27 anapata karibu mililita 11 za ile ya 2.5, lakini chini ya mililita 3 za ile ya 10. Soma chupa kila mara. Na jike aliyepandwa hivi karibuni asipewe, kwani katika mwezi wa kwanza wa mimba inaweza kuharibu mtoto.

Ukiwatoa nje kidogo, subiri umande ukauke. Mabuu ya minyoo hupanda kwenye majani yenye unyevu, na mengi hayapiti sentimita 10 kutoka ardhini. Mavi ya chini ya banda yapeleke kwenye migomba, si kwenye matete.

Chanjo mbili usizikose: ya sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR), ugonjwa uliothibitishwa Karamoja mwaka 2007, na ya homa ya mapafu ya mbuzi. Ulizia kwa afisa mifugo wa gombolola (kaunti ndogo). Kwato nazo zikatwe kila wiki sita hadi nane, kwa sababu kwenye mbao hazisagiki.

Tumbo kujaa

Ubavu wa kushoto ukivimba kama ngoma baada ya maganda mengi ya matoke au majani mabichi ya maharage, msimamishe mbuzi miguu ya mbele ikiwa juu, mnyweshe mililita 100 za mafuta ya kupikia polepole, kichwa kisiinuliwe sana yasije kuingia mapafuni, kisha kanda ubavu. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa siku kumi.

Kupandwa hadi kuzaa

Jike huingia joto kila siku 21 hivi, kwa siku moja hadi moja na nusu: anapiga kelele, anatikisa mkia. Mpeleke kwa beberu masaa 12 baada ya joto kuanza. Mimba ni siku 150. Wiki sita za mwisho muongezee gramu 200 za pumba za mahindi kwa siku. Akisukuma kwa nusu saa bila kitu kuonekana, mwite daktari, usivute.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Wa kilo 2 anahitaji mililita 200 za dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) katika siku yake ya kwanza. Paka kitovu ayodini. Muachishe akifika miezi mitatu hadi minne, na madume usiowataka kwa mbegu wahasiwe kwa koleo la kuhasia (Burdizzo) kabla ya hapo, maana wengine huanza kupanda dada zao mapema kuliko unavyodhani.

Mnunuzi wa Krismasi huanza kuzunguka vijijini Novemba, na wa Idd anataka mbuzi aliyetimiza mwaka, asiye kilema wala chongo. Kabla mbuzi hajapanda gari kwenda wilaya nyingine, kibali cha kusafirisha mifugo kiwe mkononi, na uhakikishe wilaya yenu haijawekewa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo.