Somo: Kutayarisha mshipi wa chambo cha manyoya kabla ya msimu wa manda wa Luapula

Kila mwaka, baridi ya mwezi wa saba inapoanza kulegea hapa Lubumbashi, maswali yaleyale hurudi kutoka kwa wanachama wetu: fimbo iwe ya namba gani, waya hufungwaje, ni mwezi upi unaofaa kwenda Kasenga, kando ya mto Luapula. Nimeyajibu mara nyingi kwa vipande, na majibu hayo yamepotea katikati ya mazungumzo mengine. Kwa hiyo naliandika somo zima mahali pamoja, na ninamwomba kila atakayetaka kuuliza alisome kwanza mpaka mwisho.

Somo linahusu manda (Hydrocynus vittatus), yule samaki mwenye mistari myeusi ubavuni na meno yanayoonekana hata akifumba kinywa. Linahusu pia njia moja tu ya kumvua: ndoana iliyofungwa manyoya ikafanana na samaki mdogo, na ambayo hurushwa kwa uzito wa mshipi wenyewe. Wavu na ndoana ya minyoo vina mafundi wake.

Hatua ya 1: Majira

Manda ni samaki wa maji yenye joto. Mwezi wa 6 na wa 7 maji hupoa, naye hula kidogo na kukaa chini. Kuanzia mwisho wa mwezi wa 8 joto hurudi, na kufikia mwezi wa 10, ambao kwetu ndio wenye joto kali kuliko yote, huwafukuza samaki wadogo hadi juu ya maji. Wakati huohuo Luapula huwa imeshuka na maji yake yametakata. Mto huu hutoka katika ziwa na mabwawa ya Bangweulu, ambayo huyashika maji ya mvua na kuyaachilia polepole. Ndiyo maana hujaa karibu na mwezi wa 4 na wa 5, mvua ikiwa imekwisha kukatika, kisha hupungua kiangazi chote. Mvua za kwanza zikinyesha, mwishoni mwa mwezi wa 10 au katika mwezi wa 11, vijito huingiza tope mtoni, na manda, ambaye huwinda kwa macho, hawezi tena kukiona chambo kwa mbali. Dirisha letu basi ni jembamba, na mtu anayeanza kutafuta ndoana mwezi wa 10 amekwisha kuchelewa.

Tukumbuke pia kwamba mto ni mpaka wetu na Zambia. Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na samaki hawajui mpaka. Mvuvi mwenye kuujali mto hupumzika miezi hiyo popote alipo. Kabla ya safari, ulizia kibali, na ukifika ujitambulishe kwa chifu wa mahali.

Hatua ya 2: Fimbo

Namba 8 au 9 (namba hufuata uzito wa mshipi), urefu wa mita 2.7. Kagua maungio na pete zote, na pete yenye ufa ibadilishwe.

Hatua ya 3: Mshipi

Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uupanguse kwa kitambaa laini, uukaushe kivulini. Petroli haitumiki. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki inayoufunika mshipi. Kule Kasenga mbu ni wengi na dawa ni ya lazima, basi jipake, kisha unawe viganja kwa sabuni kabla ya kuugusa mshipi. Nyuma yake, ndani ya gurudumu la kuuzungushia, kuwe na uzi wa akiba usiopungua mita 100.

Hatua ya 4: Kufunga chambo

Ndoana iwe ya namba 2/0 hadi 4/0, na kijino chake kibanwe kwa koleo ili samaki aachiliwe bila kuchanwa. Ishike ndoana katika jiliwa ndogo na uanze kuzungusha uzi wa kushonea nyuma ya tundu. Funga macho mawili mazito, yaani shanga mbili za chuma zilizoungana, upande wa juu wa shina la ndoana, ili uzito huo uigeuze na ncha itazame juu. Hivyo haitanasa miti iliyozama. Kisha funga nywele za mkia wa mbuzi, nyeupe chini na nyeusi au nyekundu juu, jumla urefu wa sentimita 8 hadi 12. Usizijaze. Chambo chenye nywele nyingi hubeba maji, huwa kizito kurusha, na hakichezi. Maliza kichwa kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, kila mara ukiacha ikauke.

Hatua ya 5: Waya

Hapa ndipo manda wengi hupotea, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Meno ya manda hukata nailoni ya unene wowote tunaoweza kuurusha, kwa hiyo kati ya nailoni na ndoana lazima pawe na waya wa chuma wa sentimita 15 hadi 20. Ukikosa waya wa dukani, uzi wa gitaa wa chuma unafaa, ule mwembamba na laini, si ule uliozungushiwa waya mwingine.

Pitisha waya katika tundu la ndoana, uukunje urudi, ili ncha fupi na waya mrefu vipishane. Shika kitanzi kwa koleo, kisha uzisokote pande zote mbili kwa pamoja, kila moja ikiizunguka nyingine kwa usawa, mizunguko mitano au sita. Kosa kubwa ni kuuacha waya mrefu umenyooka na kuuzungushia ule mfupi peke yake. Kwa macho, fundo hilo linapendeza. Lakini samaki akivuta, mizunguko huteleza juu ya waya ulionyooka na kitanzi hufunguka chote. Ukitazama msokoto mzuri kwa karibu, utaona nyaya mbili zote zimepinda.

Baada ya msokoto huo, uikunje ncha fupi mpaka isimame wima kutoka kwenye waya mrefu, na uizungushe mara tano au sita, mizunguko ikibanana bila nafasi. Usiikate kwa koleo. Koleo huacha mwiba mdogo wa chuma ambao huchana vidole na kukusanya majani ya mtoni. Badala yake, ikunje ncha iliyobaki kama mpini, uizungushe mbele na nyuma hadi ivunjike yenyewe pale pale ilipoishia. Upande wa pili fanya kitanzi kidogo kwa njia ileile, kisha funga humo nailoni ya mm 0.40 hadi 0.45, urefu wa mita 1.5 hadi 2.

Tahadhari tatu. Kwanza, ndoana itundikwe kwenye msumari na waya uvutwe kwa nguvu, mkono ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kizito. Fundo lisilojaribiwa nyumbani litajaribiwa na samaki. Pili, waya uliopindika kona kali hautumiki tena hata ukinyooshwa, maana utakatikia pale pale. Tatu, usirefushe waya kupita sentimita 20 kwa hofu ya meno, kwa kuwa chambo kitaanguka vibaya kila utupapo.

Hatua ya 6: Kurusha

Jizoeze kwenye kiwanja, ukifunga kipande cha sufu mahali pa ndoana. Fimbo ikirudi nyuma, isimamishe na usubiri mshipi unyooke wote mgongoni kwako ndipo uilete mbele.

Hatua ya 7: Kumkamata

Ncha ya fimbo ielekee majini, na chambo kivutwe kwa mkono, haraka, kwa mivuto mirefu. Manda akigonga, usiinue fimbo. Kinywa chake ni mfupa mtupu, na fimbo inayopinda haina nguvu ya kuizamisha ndoana. Utamnyang'anya tu chambo. Endelea kuuvuta mshipi kwa mkono, kwa nguvu, mpaka uhisi uzito, ndipo uinue. Akiruka, ishushe fimbo ili mshipi ulegee kidogo.

Simama mahali pa wazi, mbali na ukingo wenye matete, au uvue ukiwa ndani ya mtumbwi pamoja na mwenyeji. Luapula ina mamba na viboko.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Kampemba: Mwalimu, asante kwa somo. Je, fimbo iwe ya namba gani?

Jibu: Hatua ya 2.

Mzee wa Ruashi: Mimi natumia nailoni ya mm 0.80 bila waya na samaki nawapata. Waya ni kujitesa.

Jibu: Mzee wangu, sikatai kwamba umewapata. Ninachosema ni kwamba hao ni wale walionaswa kwenye ukingo wa mdomo, ambako meno hayakuugusa uzi. Waliomeza chambo wameondoka na ndoana zako, na samaki mwenye ndoana kooni hana maisha marefu. Hilo la pili ndilo linaloniumiza.

Mwanafunzi wa Kasapa: Shikamoo, Mwalimu. Sijaelewa kwa nini namba ya fimbo hufuata mshipi badala ya chambo. Katika uvuvi mwingine, kitu kizito ni risasi iliyo mwishoni.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na swali lako ni zuri. Manyoya hayana uzito wa kutosha kuvuta uzi mwembamba, kwa hiyo uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe, na ndiyo sababu ni mnene. Namba hupimwa kwa uzito wa mita 9.14 za mwanzo za mshipi: namba 5 ni takriban gramu 9, namba 8 ni gramu 13.6, na namba 9 ni gramu 15.6. Fimbo ya namba 8 imetengenezwa ipinde vizuri chini ya gramu hizo 13.6. Ukiweka mshipi mwepesi haipindi, ukiweka mzito inalegea. Na manda anahitaji namba kubwa kwa sababu chambo chake ni kirefu na chenye macho ya chuma, si kwa sababu ya nguvu zake pekee. Njia yenyewe ni ya kale: Aelian, mwandishi wa Roma aliyeishi karibu na mwaka 200, aliwaeleza watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana.

Mama wa Katuba: Nywele za mbuzi nilizonunua zinanuka, na zile za mwaka jana zililiwa na wadudu. Nifanyeje?

Jibu: Mama, zioshe kwa sabuni ya kufulia, uzisuuze mara kadhaa mpaka mafuta yaishe, kisha uzitandaze kivulini hewa ipite. Zikiwa zimekauka kabisa, zitie ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana, pamoja na dawa ya nondo. Mshipi usikae ndani ya mkebe huo. Na usiyatupe manyoya ya shingo ya jogoo unapochinja. Ukiyafunga mawili kila upande wa nywele, chambo kinapata ubavu wenye mistari.

Mvuvi wa Kasenga: Naongeza neno kwa wageni wanaokuja kwetu. Wasirushe katikati ya mto. Wakitazame kijito kinapoingia, na mstari ule ambapo maji ya kasi hukutana na maji yaliyotulia. Asubuhi na jioni, chisense, wale samaki wadogo, wakirukaruka, manda yuko chini yao.

Jibu: Nakushukuru sana, ndugu. Kila anayesafiri alinakili neno hili.

Wa Bukavu: Nasi wa ziwa Kivu tutumie waya uleule?

Jibu: Karibu, ndugu. Kivu haina manda. Sambaza, wale samaki wadogo, walitolewa ziwa Tanganyika na kuwekwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini manda hakuletwa pamoja nao. Huhitaji waya wala fimbo ya namba 8. Chukua namba 5 na vyambo vidogo vya sentimita 2 au 3, bila macho mazito, uwatafute wale barbus wakubwa (Labeobarbus altianalis).

Kijana wa Kampemba: Na waya hukatwa kwa koleo gani?

Jibu: Haukatwi. Tafadhali, soma hatua ya 5.

Mwanafunzi wa Kasapa: Swali la mwisho, Mwalimu. Chambo kikishachanwa na meno, kinatupwa?

Jibu: Hapana. Kata uzi kwa wembe, ondoa nywele zilizobaki, na ufunge nyingine kwenye ndoana ileile, mradi haijapinda wala kushika kutu. Kabla ya kuifunga upya, inoe kwa faili ndogo, ukielekea ncha daima, usirudi nyuma. Kisha iburute polepole juu ya ukucha wa kidole gumba bila kuikandamiza: ikiteleza, endelea kunoa, ikikwama, imekuwa tayari.