Udongo wenye dizeli: peroksaidi kidogo, halafu waachie bakteria

Udongo wa gereji uliolowa dizeli na oili chafu usiushambulie kwa kemikali mpaka mwisho, utafilisika. Peroksaidi (ya hidrojeni) hapa ni kama kuloweka maharage tu, inakatakata yale mafuta mazito yanayowashinda bakteria, kupika wanapika wenyewe.

Kwanza maabara: kiwango cha mafuta, pH (kipimo cha asidi), na kromiamu, maana kemikali hizi zinaweza kuigeuza ikawa ile ya daraja la sita, sumu kweli na inatembea na maji. Ukiikuta ishia hapo.

Pili jaribu kwenye ndoo. Peroksaidi ya asilimia 35, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, unapata asilimia 5 hivi. Vaa glavu, miwani, gambuti, na ndoo usiifunike, itapasuka. Udongo mwekundu una chuma kingi, mara nyingi unawasha mambo wenyewe bila kuongeza salfeti ya chuma. Njia ya Fenton, yaani hii ya peroksaidi kuchochewa na chuma, ya tangu 1894, inapenda pH 3, sawa, ila ukishuka huko bakteria wanakufa na utahangaika na chokaa kuipandisha tena, mimi natia asidi ya sitriki kidogo inashika chuma kisigande, nabaki karibu na pH 6.

Ndoo ikikubali, tandaza udongo juu ya turubai nene, nyunyiza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, sigara mbali. Mara yangu ya kwanza nilimwaga yote kwa pamoja, rundo likachemka, povu, mvuke wa dizeli unakaba koo, na baada ya hapo wiki tatu hakuna bakteria aliyeamka, yaani niliwapika.

Subiri peroksaidi iishe (kuna vikaratasi vya kupimia), ndo uweke samadi, ukitanguliza samadi, peroksaidi inaila hiyo inaacha mafuta. Kisha mbolea za urea na DAP, lenga kaboni 100 kwa naitrojeni 10 kwa fosforasi 1. Maji: finyanga udongo mkononi, ushikane ila usichuruzike. Geuza kwa chepe kila wiki wapate hewa, funika mvua ikija.

Pima mafuta kila mwezi. Namba ikigoma kushuka miezi miwili na unyevu na mbolea viko sawa, rudia peroksaidi, nusu ya ile ya kwanza, na samadi mpya baadaye.