Somo: Kupokea viraka na kumpa mtu ruhusa ya kusukuma

Assalaam alaykum. Wiki hii nimeulizwa mara nne namna ya kupata ruhusa ya kusukuma, yaani kuingiza mabadiliko moja kwa moja, kwenye msimbo wa programu yetu huria ya nyakati za maji kujaa na kupwa. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Anayeleta kiraka, yaani badiliko la msimbo analopendekeza, aeleze kinarekebisha nini na kwa nini. Mistari miwili yatosha.

2. Kipite majaribio kabla hujakisoma. Kikianguka, kirudishe.

3. Kiraka kimoja, jambo moja. Hapa ndipo nilipoteleza. Rafiki yangu wa tangu skuli aliniletea kiraka usiku, akakiita "kusafisha msimbo". Mistari 1,400, karibu yote ni nafasi zilizopangwa upya. Nilisoma mia ya mwanzo, nikamwamini, nikaunganisha na msimbo mkuu. Katikati ya usafi ule alikuwa ameongeza hesabu ya kutoa saa 6 ili saa iwe ya Kiswahili, naye hakujua kuwa kazi hiyo inafanywa tayari kwengine. Zikatolewa mara mbili. Kupwa kwa saa 4 asubuhi kukaandikwa saa 10 alfajiri. Na baina ya kupwa na kujaa ni saa 6 na dakika kidogo tu, kwa hiyo programu ilikuwa ikisema maji makavu wakati ule ule yamejaa. Bamvua ile shangazi yangu wa Paje alitoka na wenzake gizani, kamba za mwani begani. Alinipigia simu, nikasikia mawimbi karibu kuliko sauti yake: "Mwanangu, mbona maji tele? Hata vijiti vyetu hatuvioni."

Basi anayechanganya mpangilio na hesabu, mrudishie akigawe, hata akiwa ndugu yako. Usiunganishe ulichosoma nusu. Umechoka? Lala, kiraka hakikimbii. Na kila hesabu ya saa iwe na jaribio lake: ingiza 10:00, lazima itoke "saa 4 asubuhi". Likishapita kosa, tumia `git revert`, amri ya Git (chombo tunachotunzia msimbo na historia yake), ambayo inaongeza badiliko jipya la kutengua lile bovu, na historia inabaki. Usilazimishe kusukuma ili kuficha kosa. Ukilazimisha, huenda ukafuta kazi za wenzako.

4. Cha kwako pia kisomwe na mwengine.

5. Ruhusa ni amana, haipewi mtu kwa kuomba. Tunaangalia kama anasoma viraka vya wenzake, na akikosolewa anarekebisha au ananuna. Miradi mikubwa nayo haigawi ovyo. Kwa Apache, taasisi ya programu huria, wasimamizi wa mradi hupiga kura. FreeBSD, mfumo endeshi huria, humpa mgeni mlezi wa kuidhinisha anachoingiza mwanzoni. Kwenye kerneli (kiini) ya Linux wachangiaji karibu wote hawasukumi chochote kwenye hazina ya Linus Torvalds, mwanzilishi wake. Kiraka hupitia kwa mtunzaji wa sehemu yake, naye ndiye hukipandisha.

6. Mwenye ruhusa awashe uthibitisho wa hatua mbili. Asiyeonekana mwaka mzima aondolewe kwa heshima, akirudi, arudishiwe.

MASWALI

Mwanachama, Michenzani: Kaka, nimetuma kiraka juzi, mbona sijapewa ruhusa?
— Soma hatua ya 5.
— Nimesoma. Nina diploma ya kompyuta lakini.
— Kiraka chako kimeangusha majaribio mawili na hujajibu. Anza hapo.

Mwanachama, Fumba: Unamtupia lawama rafiki yako, na wewe ndiye uliyeunganisha.
— Nimeandika wazi kuwa nilisoma mia nikaunganisha. Rudia hatua ya 3.

Mwanachama, Wete: Shikamoo maalim. Nikikuta mpangilio umeshabadilishwa, naonaje kilichobadilika kweli?
— Marahaba mwanangu, swali zuri hili. `git diff -w` hupuuza tofauti za nafasi. Ile mistari 1,400 nilipoipitisha humo baadaye ilibaki 9, na kutoa saa 6 kulikuwa wazi kabisa. Ila mstari mmoja ukikatwa ukawa miwili, `-w` haitakusaidia. Mistari iliyohamishwa itazame kwa `--color-moved`.

— Ahsante maalim. Na yule wa xz, ile programu ya kubana mafaili, je? Si alifanya kazi vizuri kwanza?
— Ndiyo, na ndiyo maana kazi nzuri peke yake haitoshi. Aliyejiita Jia Tan alichangia mpaka akawa mtunzaji, na baada ya zaidi ya miaka 2 tangu aanze, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri. Machi 2024 Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka akaukuta. Sehemu ya hila ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na kipande cha kuiamsha kilikuwa kwenye kifurushi cha toleo wanachopakua watu, hakikuwemo kwenye Git. Sisi kifurushi tunakitengeneza kutoka Git kwenye mashine safi, na mtu wa pili anatengeneza chake, tunalinganisha.

Mwanachama, Mkoani: Yakhe, bando langu linaisha kwa kupakua hazina nzima.
— `git clone --depth 1` inaleta hali ya sasa bila historia ndefu. Ukitaka historia yote, `git bundle` inaifunga kwenye faili moja, unabeba kwa flashi. Ikifika, ipime kwanza kwa `git bundle verify`. Nakala ya Ijumaa ninayo hapa Mlandege. Anayevuka na boti kesho apite aichukue.