Kuomba fedha za halmashauri kwa kliniki ya wasio na bima

Peleka ombi kabla bajeti haijapitishwa. Ukichelewa, utaambiwa usubiri mwaka ujao. Mimi ndiye ninayetunza daftari la wagonjwa kwenye kliniki yetu, na nguvu ya ombi iko humo: safu ya kata anakotoka mgonjwa, ya ugonjwa, na ya bima, ambako naandika "hana". Majina yasitoke kamwe, toa jumla tu. Diwani akiona ni wagonjwa wangapi wa kisukari katika kata yake wanakosa dawa, atakusikiliza. Omba kitu kinachohesabika, kama mshahara wa muuguzi mmoja na dawa za shinikizo la damu za mwaka mzima. Ambatanisha cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa. Kikaoni, nenda na mgonjwa aliyeridhia kujieleza mwenyewe.