Kuunganisha tiketi za kampuni mbili
Kampuni yenu ya Westlands, Nairobi, ikitumia Jira, programu ya kufuatilia tiketi (yaani maombi ya kazi na taarifa za hitilafu), na mteja wenu wa Upper Hill akitumia ServiceNow, programu nyingine ya aina hiyo, msikimbilie kuunganisha kila kitu. Hifadhini kwanza namba ya tiketi ya upande wa pili ndani ya tiketi yenu, kwani bila namba hiyo badiliko dogo tu laweza kufungua tiketi mpya badala ya kuirekebisha ile iliyopo. Kisha undeni akaunti maalumu ya usawazishaji, yaani ya kunakili mabadiliko kati ya mifumo hiyo miwili, na mfumo upuuze kila badiliko lililoletwa na akaunti hiyo. La sivyo, maoni yaleyale yatarushwa huku na huko bila kikomo. Maoni ya ndani, yaani yanayowahusu wafanyakazi wenu tu, yasivuke kamwe, hasa yenye namba za simu za wateja, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazibana kampuni zote mbili.