Kutumia memori ya ziada kwenye Spectrum 128

Vijana wa Langoni na Mkomani, Lamu, mnaochezea ZX Spectrum, ile kompyuta ya zamani ya miaka ya 80, kwenye laptopu kwa emuleta ya Fuse (programu inayoiga mashine hiyo), wengi nawaona mnachagua mashine ya kilobaiti 128 halafu programu mnazoandika ni za kilobaiti 48 tu, ile memori nyingine imekaa bure, na inaniuma kwa sababu kuitumia si kazi ngumu hata kidogo.

Muelewe kitu kimoja kwanza. Chipu yake, Z80, inaona anwani 65536 basi, na 16384 za mwanzo zishachukuliwa na ROM, memori ya kusomwa tu. Ndo maana hizo kilobaiti 128 zimekatwa kurasa 8 za kilobaiti 16 kila moja. Ukurasa 5 na ukurasa 2 zina mahali pao hazitoki, ila kuanzia 49152 kwenda juu unafungua ukurasa unaoutaka, mmoja mmoja kama daftari. Kawaida hapo pamefunguliwa ukurasa 0.

Njia rahisi ni diski ya RAM, yaani kuitumia memori hiyo kama diski. Ukiwa kwenye BASIC ya 128, lugha ya programu ya mashine yenyewe, andika SAVE ! "jahazi" SCREEN$ na picha iliyo kwenye skrini inaingia memorini papo hapo, hakuna kungoja kaseti, ukiitaka tena ni LOAD ! "jahazi" SCREEN$. CAT ! inakuonyesha vilivyomo, ERASE ! "jahazi" inafuta. Picha moja ni baiti 6912 kwa hiyo picha 9 zinaingia bila shida, chora jahazi likitweka tanga hatua kwa hatua, ziite moja baada ya nyingine na unapata katuni nzuri sana wallahi. Ila mashine yenyewe ile ya kweli, stima ikipotea tu yote yamekwenda, kwa hiyo kazi ya maana weka na kwenye kaseti pia.

Sasa njia ya mkono, hii ndo naipenda mimi. POKE inaandika namba kwenye anwani, PEEK inaisoma, na OUT 32765 ndo inageuza ukurasa:

10 CLEAR 49151
20 POKE 23388,17: OUT 32765,17
30 POKE 50000,77
40 POKE 23388,16: OUT 32765,16
50 PRINT PEEK 50000
60 POKE 23388,17: OUT 32765,17
70 PRINT PEEK 50000
80 POKE 23388,16: OUT 32765,16

Namba ni 16 ujumlishe ukurasa, yaani 17 ni ukurasa 1. Mstari wa 50 utakupa namba nyingine, mara nyingi 0, halafu wa 70 unakupa 77 yako, haijaguswa. CLEAR usiiache kabisa, bila hiyo BASIC inaweka vitu vyake huko juu, ukigeuza ukurasa vinapotea na mashine inaganda. Ile POKE 23388 nayo ni ya kuikumbusha mashine ukurasa gani uko wazi. Na rudisha ukurasa 0 kabla programu haijaisha, herufi zako za kuchora mwenyewe ziko huko kuanzia 65368.

Kurasa za kutumia ni 1, 3, 4 na 6. Ya 7 iacheni, BASIC ya 128 inaitumia yenyewe. Na diski ya RAM inakaa kurasa hizo hizo, so chagua njia moja, ukichanganya moja itafuta vitu vya nyingine. Programu ya lugha ya mashine inayotaka mbio, mfano muziki, iweke 4 au 6 maana 1 na 3 zinachelewa zikisubiriana na skrini. Na usitume 48 kwenye 32765, hiyo inafunga kurasa zote mpaka uriseti.